Chanjo ya mafua kazini Marekani: namna ya kuchanja, kuomba kibali au kukataa bila kupoteza kazi kwa uzembe

Agosti ikiisha, barua pepe zinaanza. Muuguzi, CNA (msaidizi wa muuguzi), mpishi wa jikoni ya hospitali, mfanya usafi, karani wa mapokezi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo: wote wanaambiwa wachanje mafua kabla ya tarehe fulani au walete kibali cha kutochanja, la sivyo majina yao yatatolewa kwenye ratiba. Kwa Mkenya, Mtanzania au Mkongomani aliyeingia kazi ya afya Minnesota, Massachusetts au Texas, jambo hili hushtua kidogo. Nyumbani mtumishi wa afya hudungwa chanjo ya homa ya ini aina B na mambo yakaishia hapo. Sindano ya kila mwaka haiko kwenye mazoea, na mafua wengi wetu tunayamaliza kwa chai ya tangawizi. Influenza inayozungumziwa hapa ni ile inayomlaza mzee wa miaka 80 asiamke.

Msimamo wetu tuuseme mapema: ukihudumia wazee, watoto wachanga au wagonjwa wa saratani, chanja. Hata hivyo nafasi ya kusema hapana ipo kwa kiasi chake, na wengi huipoteza hata kabla hoja yao haijasomwa, kwa kuchelewa, kwa kuchanganya sababu mbili zisizokaa pamoja, au kwa kumweleza msimamizi wa zamu ambaye hana mamlaka yoyote juu ya suala hilo.

Kwanza jua nani anakulazimisha

Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomtaka kila mhudumu wa afya achanje mafua. CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, hupendekeza wahudumu wote wachanje kila mwaka, na pendekezo si amri. Kinachozisukuma hospitali ni hesabu. Hospitali zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, huripoti kwenye mfumo wa CDC uitwao NHSN ni watu wangapi wao wamechanja. Anahesabiwa yeyote aliyefanya kazi ndani ya jengo walau siku moja kati ya 1 Oktoba na 31 Machi, akiwemo mwanafunzi na anayejitolea. Matokeo hutangazwa hadharani. Ndiyo maana kliniki ya wafanyakazi haikubali ukisema kwa mdomo kwamba ulishachanja duka la dawa. Ripoti inadai maandishi.

Juu ya hilo kuna sheria za majimbo, nazo hazifanani. California huzitaka hospitali zichanje wafanyakazi wake au ziwe na tamko la maandishi la mfanyakazi kwamba amekataa. New York, tangu 2013, humtaka asiyechanja avae barakoa kila mara Kamishna wa Afya anapotangaza kwamba influenza imeenea. Oregon imekwenda upande mwingine: sheria yake humzuia mwajiri kuifanya chanjo kuwa sharti la kazi kwa mhudumu wa afya, isipokuwa pale sheria nyingine ya jimbo au ya serikali kuu inapotaka hivyo. Sehemu nyingi zilizobaki, amri ni ya mwajiri mwenyewe, na mwajiri binafsi wa Marekani kwa kawaida anaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu yoyote ambayo haivunji sheria.

Waajiri hawakuanza jana. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle ilitangaza sharti hili mwaka 2004. Chama cha wauguzi kikapinga, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikakubaliana na msuluhishi kwamba hospitali haikuwa na haki ya kuwabebesha wauguzi wenye mkataba wa chama sharti jipya bila kujadiliana nao. Mwaka 2008 BJC HealthCare ya St. Louis ilifanya vivyo hivyo kwa watu wapatao 26,000: asilimia 98.4 walichanja, 321 walipewa kibali cha afya, 90 kibali cha dini, na 8 wakafukuzwa. New York yenyewe ilijaribu kulazimisha jimbo zima mwaka 2009, lakini Oktoba hiyohiyo amri ikasimamishwa baada ya kesi mahakamani na uhaba wa chanjo.

Kwa hiyo kabla hujasema lolote, tafuta karatasi tatu: sera ya chanjo ya mwajiri, mkataba wa chama cha wafanyakazi kama kipo, na mkataba wa wakala kama umeletwa na wakala wa ajira. Mfanyakazi wa wakala ana mabwana wawili. Wakala anaweza kukupa kibali, ukafika hospitali ukaambiwa hapa hakitambuliki. Peleka ombi kwa wote wawili, siku moja, na uhifadhi majibu ya wote wawili.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi

Watu husoma tarehe ya mwisho ya kuchanja, tuseme 1 Desemba, wakadhani ndiyo tarehe ya kila kitu. Dirisha la maombi ya kibali kwa kawaida hufungwa mapema zaidi, pengine mwezi mmoja au miwili kabla. Mission Hospital ya Asheville, North Carolina, ilishtakiwa na Tume ya Fursa Sawa za Ajira, EEOC, baada ya kuwafukuza wafanyakazi ambao maombi yao ya dini yalikataliwa kwa kuwa yalifika baada ya 1 Septemba. Kesi iliisha mwaka 2018 kwa hospitali kulipa dola 89,000. Tume ilisema tarehe peke yake haitoshi kumnyima mtu haki. Hilo ni jema kulijua, lakini waliolipwa walikuwa wameshapoteza kazi na kungoja muda mrefu. Bora uwahi.

Jingine ni kibali cha mwaka jana. Kibali cha afya cha kudumu huenda kikaendelea. Cha dini kwa waajiri wengi huombwa upya kila msimu. Usidhani kwamba kimya cha ofisi ni ndiyo.

Anayetaka kuchanja aifanye Septemba au Oktoba. Mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, nayo hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo mtu mzima hana faida kubwa ya kukimbilia Julai. Mfanyakazi mpya anayeanza katikati ya msimu kwa kawaida hudaiwa uthibitisho kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo.

Ukiamua kuchanja

Njia nyepesi ni kliniki ya kazini. Ni bure, na taarifa huingia kwenye faili lako yenyewe. Ukichanja duka la dawa, bima nyingi hulipa gharama yote, lakini uthibitisho ni jukumu lako. Risiti ya malipo haitoshi. Omba karatasi yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo, jina la bidhaa, namba ya bechi, mkono uliodungwa na jina la aliyedunga au la duka.

Hapo kwenye jina na tarehe ndipo watu wa kwetu hukwama. Mtu mwenye majina matatu kazini ameandikwa kwa la kwanza na la mwisho, duka la dawa likachukua la kwanza na la katikati, na mfumo wa jimbo ukamfanya watu wawili. Tarehe nayo: 04/09 Marekani ni tarehe 9 Aprili, wala si 4 Septemba. Angalia karatasi ukiwa bado umesimama kaunta. Kurekebisha baadaye huchukua siku, na siku hizo huenda ndizo zilizobaki kabla ya kuondolewa kwenye ratiba. Majimbo yana daftari la chanjo la kielektroniki, MIIC kwa Minnesota na CAIR2 kwa California, ambamo unaweza kuomba rekodi yako. Texas hutunza rekodi za mtu mzima kwenye ImmTrac2 pale tu aliporidhia kwa maandishi, kwa hiyo aliyeko huko asitegemee daftari; atunze karatasi.

Anayeshughulikia kadi ya kijani akiwa ndani ya Marekani ajue kwamba uchunguzi wa afya wa fomu I-693 ukifanyika kati ya 1 Oktoba na 31 Machi huhitaji chanjo ya mafua pia. Sindano moja inamaliza mambo mawili, mradi uombe nakala yako mwenyewe, maana fomu ya uhamiaji hufungwa kwenye bahasha na hutakiwi kuifungua.

Kuhusu aina, chagua kwa akili. Tangu msimu wa 2024 hadi 2025 chanjo zote za mafua za Marekani hulenga virusi vitatu, kwa kuwa wa nne, ukoo wa virusi uitwao B/Yamagata, haujaonekana tena duniani tangu Machi 2020. Nyingi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Flucelvax hukuzwa kwenye seli zilizotokana na figo ya mbwa, na Flublok hutengenezwa kwenye seli za mdudu. Zote mbili hazina yai. FluMist, ile ya kupuliza puani, ina jelatini ya nguruwe, hivyo Mwislamu anayejihadhari na hilo aombe sindano isiyo na jelatini badala ya kukataa chanjo zote kwa mkupuo. Mwambie mfamasia akuoneshe orodha ya viambato. Ni haki yako, na inachukua dakika moja. Anayeogopa thimerosali, kihifadhi chenye zebaki, aombe bomba lililojazwa tayari la dozi moja, kwa kuwa kihifadhi hicho kilikuwa kwenye chupa za dozi nyingi tu. Mwenye miaka 65 au zaidi aulize Fluzone High-Dose, Fluad au Flublok. Mjamzito achanje sindano katika mwezi wowote wa ujauzito, asipulize FluMist. Na anayefanya kazi wodi ya waliopandikizwa uboho, wanaolazwa katika vyumba vya hewa iliyochujwa, akipuliza FluMist akae mbali na wagonjwa hao siku 7.

Sindano yenyewe ni mililita 0.5 ndani ya msuli wa bega. Toa mkono wote nje ya shati. Ukivuta kola upande, mdungaji anaona sehemu ya juu tu ya bega na ndiyo atakayoichoma. Mahali sahihi ni katikati ya nyama ya bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa unaotokeza kwenye ncha ya bega. Wewe umekaa, mdungaji naye akae, kwa sababu aliyesimama huelekeza sindano kutoka juu. Sindano ya inchi 1 inawatosha watu wazima wengi; mwanamke mwenye zaidi ya kilo 90 na mwanamume mwenye zaidi ya kilo 118 wanahitaji ya inchi 1.5, la sivyo dawa itabaki kwenye mafuta. Kama unaona anaelekea juu mno, mwambie ashushe. Hakuna utovu wa adabu hapo. Kisha kaa dakika 15, maana wapo wanaozimia kwa hofu tu.

Mkono utauma siku moja au mbili, na homa ndogo inaweza kuja. Chanja mwisho wa zamu ukiwa na siku ya mapumziko mbele yako. Kesho yake hutaki kuwa unamgeuza mgonjwa wa kilo 100 kitandani kwa bega linalouma. Sindano hii haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kukupa influenza. Anayeugua siku tatu baadaye aliambukizwa kwingine, au kinga ilikuwa haijajengeka.

Kibali kwa sababu ya afya

Sababu zinazokubalika ni chache kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni mzio mkali, ule wa kufunga koo na kushusha presha, uliotokea baada ya chanjo ya mafua iliyopita au kwa kiambato chake kisichokuwa yai. Ya pili ni Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaolegeza misuli, uliokupata ndani ya wiki 6 baada ya chanjo ya mafua. Huu huhesabiwa kuwa tahadhari, na madaktari wengi husaini. Ugonjwa wa wastani au mkali siku ile huahirisha tu. Kamasi nyepesi haiahirishi.

Mzio wa yai, ambao zamani ulikuwa tiketi ya wengi, hauna nguvu tena. Tangu msimu wa 2023 hadi 2024 CDC husema mwenye mzio wa yai, hata ule mkali, anaweza kupewa chanjo yoyote ya mafua inayomfaa kwa umri, bila tahadhari ya ziada kuliko ya chanjo nyingine. Ujauzito, kunyonyesha, kisukari, pumu na VVU si sababu za kukataa sindano. Kwa kweli ndizo sababu za kuihimiza.

Fomu hujazwa na daktari au muuguzi mwenye leseni ya kuandika dawa anayekutibu. Barua ya mstari mmoja, "mgonjwa huyu asichanjwe," hurudishwa. Daktari aandike nini kilitokea, lini, dakika au saa ngapi baada ya sindano, ulitibiwaje, kiambato gani kinashukiwa, na kama kizuizi ni cha kudumu au cha muda. Kama tukio lilitokea Mombasa au Kigoma, tafuta cheti cha kituo cha afya kikiwa bado kinapatikana, kikatafsiriwe. Kliniki ya wafanyakazi inaweza kurudi na swali: bidhaa nyingine isiyo na kiambato hicho je? Uwe na jibu la daktari tayari. Mwajiri anaruhusiwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, ADA, kudai uthibitisho, lakini taarifa zako za afya lazima zikae kwenye faili la pekee, mbali na faili la kawaida la ajira. Usimpe msimamizi wa wodi. Peleka kliniki ya wafanyakazi au HR, yaani ofisi ya rasilimali watu.

Kibali kwa sababu ya dini

Msingi wake ni Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwajiri mwenye watu 15 au zaidi anatakiwa kumtafutia mpangilio mwingine mfanyakazi ambaye imani yake ya dhati inagongana na sharti la kazi, isipokuwa mpangilio huo ukimletea mzigo mkubwa. Zamani mzigo mdogo tu ulitosha kumpa mwajiri ushindi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, ilisema mzigo lazima uwe mzito ukilinganishwa na shughuli nzima ya mwajiri. Ukisoma kesi za kabla ya hapo, kumbuka mizani imebadilika.

Huhitaji barua ya mchungaji wala imamu, ingawa haidhuru kuwa nayo. Unachohitaji ni maneno yako mwenyewe. Maombi huanguka kwa makosa yaleyale kila mwaka.

Kosa la kwanza ni kunakili barua ya mtandaoni. HR wanapopata barua kumi zenye aya moja, wote kumi wanaingia mashakani. Zaidi ya hapo, barua nyingi zinazozunguka ziliandikwa kwa ajili ya chanjo ya UVIKO-19 na huzungumzia seli za kijusi kilichotolewa. Chanjo za mafua za Marekani hazitengenezwi kwa seli hizo: ni mayai, figo ya mbwa au mdudu. Ukiandika hoja hiyo kwenye ombi la mafua, umejibiwa kabla hujamaliza.

La pili ni kuchanganya dini na usalama. Aya moja Biblia au Qurani, aya nne sumu na madhara. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa mjini Philadelphia ilimkatalia mfanyakazi wa hospitali ya Kikatoliki aliyefukuzwa, kwa sababu pingamizi lake, kwamba chanjo huenda ikaudhuru mwili, lilionekana kuwa la kitabibu. Kwa upande mwingine, mwaka 2012 mahakama ya Ohio ilikataa kuitupa mapema kesi ya mfanyakazi wa hospitali ya watoto ya Cincinnati aliyekataa kwa kuwa hali kabisa kitu chochote kitokanacho na mnyama. Imani yake ilishika maisha yake yote, na hapo ndipo tofauti ilipo.

La tatu linawahusu hasa Waislamu. Hospitali ya watoto ya Boston ilimfukuza mfanyakazi wa mapokezi ya dharura aliyekataa kwa msingi wa Uislamu. Mwaka 2016 hospitali ilishinda, kwa sababu ilikuwa imempa chanjo isiyo na nguruwe na kumsaidia kutafuta nafasi mbali na wagonjwa. Funzo la kiutendaji: kama tatizo ni jelatini, omba sindano isiyo nayo na suala limekwisha. Kama tatizo ni zaidi ya hapo, andika ni lipi, maana watakuletea hiyo mbadala kwanza.

Barua nzuri inakaa ukurasa mmoja. Eleza unaamini nini na tangu lini. Imani hiyo inakatazaje chanjo hii hasa. Umeishije kwa imani hiyo katika mambo mengine, yakiwemo dawa na chanjo za zamani. Na uko tayari kwa mpangilio gani, kama barakoa au kuhamishwa wodi. Sehemu ya tatu usiikwepe. Faili lako lina chanjo ya surua uliyodungwa ulipoajiriwa, na kadi ya njano uliingia nayo nchini. Kama imani imekua au imebadilika, sema hivyo waziwazi. Mtu anaruhusiwa kubadilika, haruhusiwi kudanganya.

Waajiri nao huteleza. Saint Vincent Health Center ya Erie, Pennsylvania, iliwafukuza watu sita walioomba kibali cha dini huku ikiwapa wengine kibali cha afya, na mwaka 2016 ikakubali kulipa dola 300,000 na kuwarudishia kazi.

Kama hutaki tu

Hapa tuseme ukweli mchungu. "Mwili ni wangu" ni hoja ya heshima, lakini peke yake haina mlango wa kisheria kwa mwajiri binafsi. Usiivishe kanzu ya dini. Ukigunduliwa umedanganya kwenye fomu, umempa mwajiri sababu nyingine kabisa ya kukufukuza, na hiyo haina utetezi.

Milango iliyopo ni hii. Jimbo lako au sera ya mwajiri inaweza kuruhusu kusaini fomu ya kukataa. Soma kabla ya kudhani hairuhusu. Chama cha wafanyakazi kinaweza kulipeleka kwenye majadiliano au usuluhishi, kama Virginia Mason. Huko ndiko hoja za ushahidi zinakofaa. Chanjo ikiendana vizuri na virusi hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014 hadi 2015, virusi vilipobadilika, ilishuka hadi 19. Majaribio ya kwenye nyumba za wazee Uingereza yalionesha vifo vichache pale wahudumu walipochanjwa, ilhali wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za tiba, waliona ushahidi huo hautoshi. Kanada, wasuluhishi wa Ontario mwaka 2015 na 2018 walisema sera ya "chanja au vaa barakoa" haikuwa na msingi wa kutosha. Kwenye fomu ya kibali yote haya hayana kazi. Mbele ya msuluhishi yana uzito.

Mlango wa mwisho ni kuhama kabla ya kufukuzwa. Baadhi ya kampuni za huduma za majumbani hazina sharti hili. Mwenye viza ya kazi ya H-1B ajue kwamba kazi ikiisha ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, na aliyeletwa na wakala asome kifungu cha faini ya kuvunja mkataba kabla ya kusema "nimeacha." Mwanafunzi wa uuguzi hana nafasi kubwa: hospitali ya mafunzo ikimkataa, chuo hakilazimiki kumtafutia nyingine, na saa zake za vitendo zinabaki pungufu.

Ukipewa barakoa

Uliza maswali matatu kwa maandishi: tarehe ya kuanza na kuisha, maeneo gani, na nani anatoa barakoa. Sera nyingi hudai ivaliwe popote mgonjwa anapoweza kuwepo, zikiwemo korido na lifti, na kuruhusu ivuliwe chumba cha chakula. Kinachowafukuzisha watu hapa ni kuishusha kidevuni. Ukikamatwa, unahesabiwa kama aliyevunja kanuni ya kawaida ya kazi, na kibali chako hakikukingi tena. Hospitali nyingine huweka kibandiko kwenye kitambulisho cha aliyechanja. Asiyekuwa nacho huulizwa kila kona. Jibu fupi, "nina kibali," linatosha. Sababu si ya kila mtu.

Ukikataliwa au kufukuzwa

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Aliyeacha mwenyewe hujipunguzia madai mengi, pamoja na mafao ya ukosefu wa kazi katika majimbo mengi. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, omba rufaa, na pendekeza mipangilio miwili au mitatu. Tuma kwa barua pepe hata kama mmeongea ana kwa ana: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umesema…" Hifadhi nakala nyumbani, ila usichukue kitu chochote chenye jina la mgonjwa, hilo ni kosa jingine kubwa.

Mwenye chama aende kwa mwakilishi siku hiyohiyo, kwani muda wa kufungua lalamiko la chama huhesabiwa kwa siku au wiki chache. EEOC hutoa siku 180 tangu tukio, au 300 pale jimbo lina chombo chake chenye sheria kama hiyo. Kufungua malalamiko hakulipiwi, na huhitaji wakili ili kuanza. Siku huhesabiwa tangu uliponyimwa au kufukuzwa; rufaa ya ndani ya hospitali haisimamishi saa.

Chanjo ikikuumiza

Bega linalouma siku mbili ni kawaida. Bega lililoanza kuuma ndani ya saa 48, likashindwa kuinuka, na wiki zikapita, linaweza kuwa jeraha la sindano iliyochomwa juu mno. Nenda kwa daktari mapema na hakikisha ameandika tarehe ya chanjo, mkono, na siku maumivu yalipoanza. Marekani ina mfuko wa fidia, VICP, ulioundwa kwa sheria ya 1986, na chanjo ya mafua ya msimu imo. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Unahitaji madhara yaliyodumu zaidi ya miezi 6, au yaliyokulaza hospitali ukafanyiwa upasuaji, na ufungue dai ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Kama mtu amefariki, ni miaka 2 tangu kifo. Wakili hulipwa na mfuko hata dai likishindwa, mradi lilikuwa na msingi, kwa hiyo usikubali wakili anayekudai sehemu ya fidia yako. Na kama chanjo ilikuwa sharti la kazi, fungua pia dai la fidia ya kuumia kazini la jimbo lako, lenye tarehe zake fupi zaidi. Mjulishe mwajiri kwa maandishi wiki hiyohiyo.